Ndinda, Aliyechanganya Mizigo ya Makanisa Matatu

Jumamosi hii, tarehe 29 Novemba 2025, dada yetu Jemimah Ndinda anastaafu baada ya miaka kumi na tisa ya kazi katika ghala la Umoja wetu hapa Sanyuanli, Guangzhou, China. Umoja ni makanisa matatu: la Changamwe kule Mombasa, la Bukoba, na la Bunia, Kongo. Alianza kazi nywele zikiwa nyeusi. Anaondoka zikiwa nyeupe, na bado hakuna mwanamume ghalani anayeweza kumwambia kontena limejaa naye akakubali.

Tunamuaga kwa furaha, lakini tusidanganyane. Tangu Agosti kamati ya Umoja imesema kwamba akishaondoka, kila kanisa litasafirisha mzigo wake kivyake. Hilo likifanyika, Umoja utabaki jina kwenye kalenda. Kwa hiyo wasifu huu unamsifu Ndinda, na pia unabishana kwa niaba yake.

Ndinda alizaliwa Kangundo, akafanya kazi ya ukarani bandarini Mombasa, kisha akatumwa huku na kanisa lake. Kazi aliyopewa ilikuwa ndogo, kununua na kupakia: viti vya plastiki, spika, vyerehani vya kina mama, penseli za shule ya Jumapili kutoka maduka ya jumla ya Yide Lu. Makanisa yalichangia kontena moja kwa sababu ya gharama tu. Hayakuwa yanapendana. Moja linabatiza watoto wachanga, jingine linazamisha watu wazima mtoni, na la tatu liliona wenzake wote wanasali kwa haraka mno.

Mwaka wa tatu tukakosea. Mzigo wa kwenda mahali tofauti hupangwa kwa zamu ya kushuka: wa mwisho kushuka huingia kwanza, wa kwanza kushuka hukaa mlangoni. Siku hiyo tulipakia kama tunavyopakia mali ya wafanyabiashara Waafrika wa mtaa wa Xiaobei, kizito chini, chepesi juu, basi. Tulikuwa tumechoka na dereva alikuwa anapiga honi. Spika za Changamwe zikazikwa chini ya vyerehani vya Bukoba, na viti vya Bunia vikajaa mlangoni.

Kontena likafunguliwa Changamwe wakati wa mvua. Ili wapate chao, ilibidi watoe kila kitu na kukihifadhi ndani ya kanisa. Mzee wa kanisa akapiga simu, na sote ghalani tukamsikia.

"Ndinda, umetuletea soko kanisani!"

"Basi lifungueni, mzee," akajibu. "Wenye mali wako njiani. Wapikieni."

Wakapika. Watu wa Bukoba na wa Bunia walikuja kuchambua mali yao, wakalala nyumbani kwa waumini, Jumapili ikawakuta huko huko. Mama Felisia, mweka hazina wa Bunia, alikuwa hajawahi kuona bahari. Alirudi kwao na mapishi ya samaki wa nazi na nambari za simu za nusu ya kwaya. Miaka ilipita, vita vikawasukuma watu hadi uwanja wa kanisa la Bunia. Unga wa kwanza ulitoka Bukoba, magodoro yakatoka Changamwe. Hakuna aliyeuliza nani alibatizwa vipi.

Tangu mvua ile, Ndinda aliamuru tukosee kila mwaka, kwa makusudi. Alisimama juu ya kreti na kupaza sauti: "Changanyeni! Anayetaka chake apitie cha mwenzake!" Na ukithubutu kurusha hata beseni: "Polepole, hiyo ni madhabahu!" Siku hizi madereva Wachina wa mtaa huu husema "madhabahu" wakishika kitu cha kuvunjika. Hawajui maana yake, nasi hatujawaambia.

Alikataa mengi. Mwenye jengo alipotaka kumpa muuza viatu ghala letu, Ndinda alimjibu kwa Kichina "meiyou", yaani hakuna, neno lile lile ambalo mwenye jengo alizoea kutujibu tukimwomba atengeneze bomba. Wakati wa korona, Xiaobei ilipokuwa tupu na wengi wetu tukitaka kurudi kwetu, alitubakiza kwa uji wa moto na maneno makali ya Kikamba. Uji ulikuwa mwepesi. Maneno hayakuwa mepesi.

Sasa turudi kwa kamati. Wanasema kuchanganya kunachelewesha mzigo, na ni kweli, kunachelewesha. Wanasema kila kanisa sasa ni kubwa, linajiweza. Hilo nalo kweli. Lakini vita vilipofika Bunia, kujiweza hakukumlisha mtu. Mwezi uliopita wakatuma agizo: mzigo wa mwisho wa Ndinda utenganishwe kwa mbao, sehemu tatu, ili tuanze kuzoea. Mbao zikaletwa, zimerandwa vizuri, mpya kabisa. Sostenes, mpakiaji mwenzetu kutoka Muleba, akashika nyundo.

"Mama, tuzigongelee wapi?"

Ndinda akazipapasa. "Mbao nzuri hizi. Watoto wa Bunia wanakalia nini siku hizi?"

"Si wanakaa chini, mama."

"Na wewe umesimama tu? Lete misumari."

Juzi tumelifunga kontena. Ndani hamna ukuta. Mna mabenchi, na ni ya Bunia. Spika za Changamwe zimelala katikati yake, na juu yake yamepandana magodoro ya Bukoba hadi darini. Atakayetaka spika atahitaji mikono mingi na sufuria kubwa.

Wazee wa kamati, mtausoma wasifu huu kabla meli haijafika, kwa hiyo hatujaficha kitu. Anayestaafu ni Ndinda. Sisi wapakiaji hatustaafu. Mgongo unauma, kwetu ni mbali, mshahara mnaujua, lakini mtu hawezi kututuma kupakia utengano tukaupakia. Mkituletea mbao nyingine mwakani tutazipokea kwa shukrani. Misumari ipo, na makanisa yenu bado yana watu wanaokaa chini.

Dada Ndinda, asante kwa uji, kwa kelele, na kwa kosa lile ulilokataa kulirekebisha. Nenda Kangundo ukapumzike kidogo, kidogo tu. Kontena likifika Changamwe tunajua utakuwa mlangoni. Tafuta kreti, panda juu, uwaambie wachanganyike. Tunakuombea siku njema, afya, na nyumba isiyokosa wageni kutoka nchi zote tatu.

Kwa niaba ya wapakiaji wa ghala,
Japheth Mwenda