Sifuri ya Pak Tarmuji

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kutoboa ardhi ya mji wetu wa Semarang na viunga vyake, Pak (yaani Bwana) Tarmuji Wasono, kiongozi wa wachimbaji katika kikosi chetu cha kupima udongo, anastaafu tarehe 30 Juni. Hafla itafanyika ukumbini kwetu. Tumpeng, ule wali wetu wa manjano wenye umbo la mnara, tafadhali uwekwe upande wa kusini wa meza, kwa sababu upande wa kaskazini ukumbi unaendelea kuzama. Kampuni hii hupima udongo wa watu. Siku ya kujenga ofisi yake ilikuwa na haraka.

Wasifu huu utasomwa na Mkurugenzi wetu, Pak Hendarto, ambaye kwa desturi hasomi kitu kabla ya kukitia saini.

Pak Tarmuji alianza kwa kuvuta kamba ya nyundo. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza: bomba la chuma hugongwa liingie ardhini, na mapigo huhesabiwa. Mapigo mengi, ardhi ngumu. Machache, ardhi laini. Alihesabu kwa sauti, kwa Kijawa, na alizoea hata akasikika akihesabu mapigo ya upatu kwenye harusi ya binti yake. Mainjinia walipofika na ramani, yeye alikuwa ameshakwenda kwa mama muuza kahawa wa jirani kumuuliza kamba ya kisima chake ina urefu gani. Mara nyingi kamba ile ilisema kweli zaidi kuliko ramani.

Miaka tisa iliyopita tulipelekwa Rawa Lele, yaani Kinamasi cha Kambare. Mteja alikuwa amepanunua na kusimika bango la jina jipya: Bukit Permata, Kilima cha Johari. Kambare hawakuarifiwa. Alitaka kuanza na zahanati ya wazazi ya ghorofa tatu, yenye nguzo fupi za msingi ili iishe upesi.

Kwenye shimo la tatu, bomba lilisimamishwa, na kabla nyundo haijainuliwa likazama lenyewe mita moja na nusu. Maji yalikuwa sentimita arubaini tu chini ya nyasi. Pak Tarmuji akaandika sifuri.

"Sifuri gani tena hiyo, Tarmuji?" Pak Hendarto alifoka. "Mteja akiiona atazimia! Weka hata nne. Nani atashuka huko chini kuhesabu?"

"Jengo litashuka, Pak."

"Basi angalau isionekane sana."

Pak Tarmuji akaifuta, akaiandika upya, kubwa kama kisahani cha kahawa.

Karatasi ilipofika kwa mchapaji, Mkurugenzi alisimama nyuma ya kiti, na mchapaji akachapa nne. Mchapaji huyo ni mimi. Naona aibu mpaka leo. Pak Tarmuji aliisoma, hakunikaripia.

"Mwanangu, kidole kimeteleza," alisema. "Rudia taratibu, mimi nangoja."

Bila saini yake ripoti isingetoka, naye aliketi pale mpaka sifuri ikarudi. Kwa utumishi huo uliotukuka alihamishiwa ghalani kuhesabu masanduku ya udongo kwa miaka miwili.

Mteja alipata mtaalamu mwingine, aliyegundua kwamba ardhi ni imara bila hata kushuka garini. Nyumba ya maonyesho ikajengwa kwanza. Masika moja tu, ikazama hadi madirishani, na wenyeji wa zamani wakarudi kuogelea sebuleni. Mteja akaja mbio kuulizia ile ripoti yenye sifuri, na kampuni ikamtoa Pak Tarmuji ghalani, ikajipongeza kwa msimamo wake thabiti.

Zahanati imesimama juu ya nguzo za mita thelathini na nne. Mwanangu wa pili alizaliwa humo, ghorofa ya tatu, usiku wa mvua kubwa. Sakafu haikutikisika.

Pak, asante kwa kunisubiri siku ile. Sote tunakuombea uzee mtulivu, ardhi ngumu chini ya kiti chako, na kisima chenye kamba ndefu.

Sasa nimepewa daftari lako. Jumatatu, kwenye kiwanja cha shule kinachoitwa Bonde Kavu, bomba la shimo la pili lilizama lenyewe. Mkurugenzi ameshapita mezani kwangu mara mbili kuuliza kama kidole changu hakijateleza. Hakijateleza, Pak. Ni sifuri, nimeikuza, na sasa hivi Pak Hendarto ameisoma kwa sauti yake mwenyewe mbele ya watu mia na ishirini.

Sri Murtini, Idara ya Ripoti