Aliyetufundisha Kutazama Ukuta

Ijumaa hii, tarehe 30, saa kumi kamili jioni, Mama Plasta atazima kompyuta yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuitumikia hospitali yetu. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu nimeketi naye kitengo cha kompyuta kwa miaka kumi na tisa. Nimekubali shingo upande, na sababu nitaisema.

Alianza kama mpiga chapa wa masijala. Hakuwa na cheti cha kompyuta hata kimoja. Mimi ninavyo vitatu, vimo kwenye fremu ukutani. Hata hivyo, daktari akibisha hodi na kunikuta peke yangu, huuliza kama kuna mtu. Roho iliniuma sana, na bado inaniuma kidogo.

Jina lake la utani lilitokana na vipande vya plasta alivyobandika juu ya kamera za kompyuta zote, kuanzia mapokezi hadi kwa mkurugenzi, zisije zikamchungulia mtu. Tulimcheka. Leo kompyuta isiyo na plasta inatuonea haya kama mtu aliyesahau kuvaa shati.

Kisha kuna desturi ya ukuta. Mtu akiandika neno lake la siri, waliopo wote hugeuka na kutazama ukuta mpaka amalize. Mama Plasta hakutoa waraka. Aligeuka yeye kila mara, nasi tukaona aibu kubaki tumekodoa macho. Siku moja wakaguzi walifungua mlango wakamkuta mhasibu anaandika, huku mkurugenzi, mfamasia na dereva wamesimama kimya wakikagua rangi ya ukuta. Waliurudisha mlango taratibu.

Halafu ikaja Linux. Kompyuta kumi na mbili zilikuwa zimeandikiwa kutupwa, na mimi nilikuwa nimeandika barua ya kurasa tatu kuomba mpya. Yeye aliziwekea Linux, mfumo usiodai malipo wala kumchunguza anayeutumia, na kufikia Jumatatu zote zilikuwa kazini. Mhasibu aliyeapa kwamba hatauzoea, baada ya wiki mbili alikuwa anamfundisha mkewe nyumbani. Barua yangu sijui iliishia wapi. Kwa kijicho tu, nilikataa kubadilisha. Kompyuta yangu ilibaki na mfumo wa zamani, peke yake jengo zima, nami nikajiona shujaa.

Wengi mnakumbuka asubuhi ile, miaka kumi na mmoja iliyopita, mafaili ya wagonjwa yalipogoma kufunguka. Mapokezi palijaa watu, madaktari wakarudia karatasi na kalamu. Mama Plasta alitoa diski ya nakala za akiba kwenye kopo la biskuti, akafanya kazi siku mbili, na halikupotea faili hata moja. Alipewa cheti cha pongezi. Nilipiga makofi kama wengine. Ripoti yake ilisema kwamba kirusi kiliingia kupitia kompyuta moja, bila kusema ya nani.

Ilikuwa yangu. Nilipokea barua pepe ikinipongeza kwa kuchaguliwa Mtaalamu Bora wa Kompyuta wa Mwaka, na cheti kimeambatishwa. Sikujiuliza nani kanichagua. Nilikifungua haraka haraka ili nimwonyeshe yeye kabla hajaenda kunywa chai.

Tangu hapo nimeishi roho mkononi. Kuna siku nilijiambia hajui. Siku nyingine niliamini anajua, na kwamba ananingoja nitajwe kukirithi kiti chake ndipo anilipue. Mwezi uliopita nilitajwa. Mkurugenzi alipomwomba maoni, alijibu kwamba nipewe mimi, kwani kazi naijua kuliko ninavyojidhania.

Wiki iliyopita alinikabidhi daftari la matukio. Nilikimbilia ukurasa wa siku ile. Saa imeandikwa, hatua zote zimeandikwa, hata ile barua ya pongezi bandia ipo. Penye jina la mtumiaji ameweka kistari. Alijua tangu siku ya kwanza! Nilimwuliza kwa nini hakusema. Alinijibu kwamba jina langu halikuwa lake hata aligawe, kisha akanisogezea kibodi niweke neno langu la siri. Nilipoanza kuandika, aligeuka, akasimama akitazama vyeti vyangu vitatu, kama alivyofanya miaka yote kumi na tisa.

Basi jina nimeligawa mwenyewe hapa, na kompyuta yangu sasa ina Linux. Mama yetu, wivu haujaniisha, usije ukadhani. Cheti chako cha pongezi nimekikuta kwenye droo, chini ya plasta zilizobaki. Nimekitundika juu ya vyangu, na imeniuma, lakini hakishuki. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kuipata tarehe yako ya kuzaliwa, keki ya miaka yote hiyo itakungoja Ijumaa kantini. Asante kwa kila mara uliyotugeuzia mgongo. Nenda ukapumzike kwa afya na amani, na mambo yako yabaki kuwa yako.