Nasaba ya Chui wa Mzee Ubwa

Pale Jang'ombe, chini ya ukuta wa duka la vitambaa ambalo halijafunguliwa tangu mwenyewe ahamie Maskati, pana baraza ya saruji inayotosha watu watano wakibanana. Ikishasaliwa alasiri, Ridhwan hutua hapo jiko lake na dele la kahawa, na wenyewe hujisogeza mmoja mmoja. Kuna Anwar, anayeitwa Katiba kwa kuwa hakuna jambo asilolipatia kifungu. Kuna Borafya, anayeitwa Mrima kwa sababu babu yake alivuka kutoka Tabora kuja kuchuma karafuu. Na kuna Silima, mzee mpole aliyestaafu shamba la utafiti la Kizimbani, ambako kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuandika majina ya miti kwenye vibao. Huyo wanamwita Kibao.

Jumatano hiyo Silima alikuja na furushi la kanga kwapani. Ndani ilikuwamo ngozi ya chui. Marehemu baba yake, Mzee Ubwa, alimuua miaka ile ya msako, chui walipokuwa wakisakwa Unguja nzima kwa kuwa watu waliamini wachawi ndio wanaowafuga. Zaidi ya nusu karne ngozi ililala sandukuni, imenyunyiziwa karafuu isiingie nondo. Wiki moja nyuma binti mtafiti, Nassra, mwenyeji wa Makunduchi, alikwenda nyumbani kwa Silima kuitazama, akaomba kipande kisichozidi ukucha apime vinasaba. Alitaka kujua kama chui wa Unguja alikuwa jamii yake peke yake, au ni yule yule wa bara. Leo alikuwa anakuja kuchukua jibu, na Silima hakuwa nalo.

Katiba hakuona la kufikiri.

— Chui wetu ni wetu, alisema. Tazama kima punju. Yuko wapi kwengine? Hayupo. Basi na chui vivyo hivyo.

— Mwana wa chui ni chui, yakhe, alisema Mrima. Babu yangu Mnyamwezi, mimi nimezaliwa hapa Jang'ombe. Nimeota mkia?

Katiba akawasomesha maneno ya Nassra, kama alivyosimuliwa na Silima. Hapo kale Unguja ilikuwa imeshikana na bara, kisha bahari ikapanda, chui wakabaki upande huu na paa wachache. Vizazi hata vizazi, mwenye mwili mdogo ndiye aliyeshiba, akazaa, mpaka wote wakawa wadogo. Ndiyo maana ya haba na haba hujaza kibaba. Mrima akamwambia methali hiyo ni ya kujaza, na chui alikuwa akipungua. Katiba akajibu kwamba kibaba kikijaa upungufu, kimejaa.

Ridhwan naye hakukubali kupitwa. Yeye alisema bahari haihusiki. Chui walikuwa wakifugwa uvunguni mwa vitanda. Mkubwa miguu ilitokeza, jirani akaona, akauliwa. Mdogo alienea, akasalimika, akazaa wadogo wenziwe. Wakatazamana, kwani hoja hiyo ilikuwa na akili kidogo kuliko zote zilizotangulia. Katiba akaona lazima aipite. Akasema hata madoa ya chui wa Unguja yalibanana kwa sababu ya wembamba wa vichochoro vya Mji Mkongwe. Mrima akamuuliza mbona babu yake Katiba alizaliwa Malindi, kwenye kichochoro kisichopita baiskeli, na alikufa bila doa hata moja.

Silima alikunywa kahawa yake. Moyoni alikuwa upande wa Mrima, ila si kwa sababu za Mrima. Ikiwa chui yule ni wa bara tu, basi wenziwe wapo hadi leo, Mikumi na kwengineko, na baba yake aliua mnyama mmoja kati ya wengi. Ikiwa ni jamii peke yake, basi baba yake ni mmoja wa waliowamaliza, na hata angeyajua leo hakuna wa kumwomba radhi. Kule Kizimbani aliwahi kubadilisha kibao cha mti mmoja mara tatu, wataalamu wakija na kuondoka, na mti haukushughulika. Lakini mti ulikuwepo.

Nassra akafika, begi begani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, alisema Silima, akamsogezea nafasi.

Kabla hajakaa vizuri Katiba alishamtaka aamue kesi. Nassra akasema angalikuwa anajua asingeomba kipande. Na hata akikipata, wataalamu wenyewe huenda wasiafikiane, maana viumbe hubadilika polepole, na pale jamii moja inapoishia na nyingine inapoanzia, mpaka huchorwa na watu. Katiba na Mrima, kila mmoja alijiona ameshinda.

Nassra akatoa karatasi yake, akaanza kuuliza na kujaza. Aliuawa wapi? Msitu wa nyuma ya Kidichi. Nani aliyemuua? Ubwa bin Silima, mkulima.

— Dume au jike?

Katiba akasema dume, kwa upana wa ngozi. Mrima akasema jike, kwa upana huo huo.

— Jike, alisema Silima. Alikuwa ananyonyesha.

Silima akaeleza taratibu, macho yake kwenye ngozi. Wiki aliyofariki, baba yake alimwambia kwamba alipokuwa akimchuna maziwa yalimchuruzika mikononi. Akaenda kuwatafuta watoto, siku mbili, peke yake, mbwa amewafunga nyumbani wasije wakawararua. Hakuwaona. Baada ya hapo watu walimpongeza sana, naye akawagawa mbwa, na hakuwinda tena.

— Hilo nalo uliandike, alisema Silima.

Nassra akasema fomu haina mahali pake. Kisha akaigeuza karatasi, akaandika nyuma. Akatoa kiwembe kipya na kichupa, akataka na mtu wa pili awe shahidi: Mrima akashika kona moja ya ngozi, Silima kona ya pili. Akakata chini ya kwapa la mbele, pasipo na doa. Kilikuwa kipande kidogo kweli.

— Hao watoto, akauliza akiwa bado ameinama, walikuwa wangapi?

Katiba akamtazama Mrima. Ridhwan akainua dele, akalirudisha jikoni bila ya kummiminia mtu.

— Hakuwaona, mwanangu, alisema Silima.

Nassra akaandika hivyo hivyo: hawakuonekana. Silima akaomba karatasi, akausoma mstari ule mara mbili, kisha akatia saini chini yake.