Nyongeza ya Mji wa Kepitanui

Katika nchi ambayo hata mbuzi wananuka chai, Jerusa aliuza kahawa, na hakukosa wateja. Mtu aliyeshinda kutwa akipumua majani yanayokaushwa kiwandani hakutaka kuyaona tena kikombeni. Kwa hiyo kila jioni, mvua ya mchana ikishakata, watu wale wale walikutana kwenye benchi yake hapo Sosiot, mkabala na duka la dawa za ng'ombe. Alikuwepo Aron, fundi wa redio, aliyeitwa Waya. Alikuwepo Kipkurui, mfugaji, aliyeitwa Lita kwa sababu hesabu zake zote zilikuwa za maziwa. Alikuwepo Gesare, muuza ndizi kutoka upande wa Chepilat, ambaye hakuwa na jina la utani kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumpa. Na alikuwepo Kepher Ogada wa kiwandani, mtu wa ziwani aliyekaa Sosiot miaka kumi na minne, ambaye wote walimwita Karani.

Siku hiyo, Oktoba ya mwaka wa tisini na tisa, Karani alikuja na bahasha ya kaki ameibana kwapani kama mtu aliyebeba yai.

— Hiyo ni barua ya mapenzi ama ya kufutwa? Gesare akauliza.

— Ni gemu.

— Gemu gani?

Karani akaitoa. Kijisanduku cha karatasi ngumu, kimechorwa garimoshi likivuka daraja, na ndani yake sidii moja inayong'aa. Alikuwa ameinunua Nairobi, alikotumwa kupeleka faili za kiwanda. Shilingi elfu moja na mia nane. Alipotaja bei, Lita akaweka kikombe chini.

— Karani. Hiyo ni ndama.

— Si ndama mzima.

— Ni ndama wa kiume, lakini ni ndama.

— Sasa skia shida yenyewe, Karani akasema. Nimeiweka kwa kompyuta leo saa ya lanchi. Imezunguka, imezunguka, halafu ikaandika: tia sidii ya kwanza.

— Ya kwanza gani?

— Hii ni nyongeza tu. Kuna gemu yenyewe, ya reli. Unapewa nchi tupu, unajenga stesheni, unajenga mitaa, watu wanahamia. Hii inakuja kuongeza madaraja, na ziwa, na meli. Lakini bila ile ya kwanza haifunguki.

Benchini kila mtu akatafuta pa kuanzia. Gesare alikuwa wa kwanza kupata.

— Kwa hivyo umeuziwa mpini bila jembe.

— Si hivyo...

— Ni hivyo. Mimi nauza ndizi. Hujawahi niona nikiuzia mtu maganda nimwambie ndizi atajitafutia mbele.

— Hapana, mama, Lita akaingilia. Hiyo ni kama chumvi ya ng'ombe. Ukiwa na ng'ombe, chumvi ni ya maana sana, inaongeza lita mbili. Ukiwa huna, utalamba wewe mwenyewe. Swali ni moja tu: iko ng'ombe?

Karani alikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

— Nyinyi hamuelewi teknolojia, Waya akasema, akajisogeza mbele kama kawaida yake akitaka kupotosha watu. Hilo daraja mnaloona hapo kwa picha, lilikuwa ndani ya ile sidii ya kwanza. Tangu mwanzo! Wamelificha. Hii mpya si daraja, ni ufunguo. Unanunua kitu ulishanunua.

— Waya, wacha hizo.

— Nakuambia! Na hapo hawajamaliza. Siku moja utanunua redio kwangu, halafu ulipie Kiswahili kando. Ukitaka habari za kifo, nyongeza. Ukitaka mpira, nyongeza. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

— Mbachao ni nini? Gesare akauliza.

— Si ni ile... ya msala.

— Na msala?

— Ndio huo unapita.

Jerusa alicheka mpaka birika likatikisika. Lakini Waya alikuwa amepata moto.

— Tena kwa nini wanaiuza saa hii, Oktoba? Si mnajua mwaka wa elfu mbili kompyuta zote zinakufa? Saa sita kamili, puu! Sasa wazungu wanamaliza stoki. Karani amenunua chakula cha maiti.

— Mimi ningenunua, Lita akasema ghafla.

Wote wakamgeukia.

— Wewe? Na chumvi na ndama? Gesare akauliza.

— Ningenunua kama kuna mji wangu ndani. Si umesema watu wanahamia? Sasa watu wako wanaishi huko bila daraja, mvua ikinyesha wanavukaje? Hiyo ni roho mbaya. Mwenye watu ananunua daraja.

Karani alimwangalia Lita kwa macho ya mtu aliyeshikwa mkono gizani. Kwa sababu mji ulikuwepo. Ulikuwa ndani ya ile kompyuta ya kiwandani mpaka sasa, ila hakuna aliyeweza kuingia.

Kompyuta ililetwa mwaka wa tisini na tano, moja tu, ikawekwa ofisini kwa makarani wawili, Kepher na Kiptanui. Hakuna kati yao aliyejua hata kuiwasha. Mpwa wa Kiptanui aliyesoma Nairobi ndiye aliyewaletea ile sidii ya reli, akasema, mjomba, chezeni hii, mkono utazoea wenyewe. Ndivyo walivyojifunza. Saa ya lanchi walifunga mlango, Kepher akashika kipanya, Kiptanui akashika andazi na kutoa amri. Weka stesheni pale. Usikate msitu, watu watapata kuni wapi? Waliuita mji wao Kepitanui, jina la wawili likiwa limechanganywa kama maziwa na chai. Ulipopita watu elfu kumi, Kiptanui alinunua soda mbili. Uliposhika moto upande wa soko, walikosa hamu ya kula.

Kisha wakajua kompyuta, wakaijua vizuri mno. Kazi ya wiki ikawa ya siku mbili. Na mwaka wa tisini na saba kiwanda kikahesabu, kikaona karani mmoja anatosha.

Barua ilikuja kwa Kiptanui. Siku ya mwisho alikunja koti lake, akatoa sidii yake kwenye kompyuta, akaanza kuzunguka ofisi moja moja akiwapa watu mkono. Kepher hakuwepo mezani. Alikuwa stoo ya magunia, amesimama nyuma ya mlango, anajiambia kwamba anahesabu. Alihesabu mpaka aliposikia geti likifungwa. Tangu siku hiyo hajamwona. Miaka miwili na nusu.

Hayo hakuwahi kuyasema benchini. Lakini Sosiot ni ndogo, na benchi ilijua sehemu kubwa.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa amekaa msichana aliyefika na sanduku la bati, amejikunyata kwa baridi. Jerusa alimpa kahawa akamuuliza jina, akasema ni Chepchumba, mwalimu mpya aliyetumwa shule ya msingi ya jirani, anangoja mwenyeji wake aje kumchukua. Alikuwa amesikiliza yote kwa adabu. Sasa akasafisha koo.

— Samahani, wazee. Na mama. Hiyo sidii ya kwanza iko wapi?

Waya akatazama juu, kwenye mawingu. Gesare akaanza kupanga ndizi zilizokuwa zimeshapangwa.

— Iko Mulot, Lita akasema mwishowe. Kwa mtu anaitwa Kiptanui. Anapanda ngano huko.

— Ni rafiki yenu?

— Sana. Alikuwa anakaa hapo hapo umekaa.

Msichana akasogea kidogo, kama amekalia kitu cha mtu. Akamgeukia Karani.

— Kwani mlikosana?

Karani akafungua mdomo. Alitafuta neno baya ambalo Kiptanui aliwahi kumwambia, akakosa. Akatafuta alilomwambia yeye, akakosa pia. Waya, ambaye hakuwahi kushindwa na swali tangu azaliwe, alikunywa kahawa iliyokuwa imeisha. Mwenyeji wa mwalimu akaja na baiskeli, wakafunga sanduku kwa kamba ya mpira, wakaondoka, na swali likabaki limekaa pale ncha ya benchi.

Jumamosi asubuhi Karani alimwambia mkewe, Dorcus, anaenda Mulot.

— Kufanya nini?

— Kuna kitu cha Kiptanui.

Dorcus alimtazama, akaingia jikoni, akatoka na kilo mbili za omena, dagaa wa kwao ziwani, kwenye gazeti. — Mkewe Chepngeno alikuwa anazipenda, akasema. Mwambie ni mimi. Mwambie si mimi nilisahau.

Alibadilisha gari Bomet. Kadiri barabara ilivyoshuka kuelekea Narok ndivyo kijani kilivyoisha, majani chai yakaacha nafasi kwa mahindi, mahindi kwa ngano, na anga likapanuka kuliko alivyolizoea. Pale senta ya Mulot, siku ya soko la ng'ombe, alimuuliza mzee mmoja mwenye fimbo, na mzee akanyoosha fimbo hiyo hiyo: unaona kitu kinametameta kule shambani? Ndio kwake.

Karani alitembea akikifuata kile kinachometameta. Alipokaribia aliona ni kamba imefungwa kati ya miti miwili juu ya ngano, imening'inizwa vifuniko vya mikebe, vipande vya kioo, na katikati kabisa, ikizunguka kwa upepo na kurusha mwanga, sidii. Akaijua kwa alama ya garimoshi: ni ile ya kwanza. Upande wa chini ulikuwa umechubuka wote kama goti la mtoto.

— Ndege huku ni wengi sana, sauti ikasema nyuma yake. Lakini hiyo wanaiogopa.

Kiptanui alikuwa amekonda, amekuwa mweusi kwa jua, na nywele za pembeni zilikuwa nyeupe. Mkononi alishika jembe. Karani alikuwa amepanga maneno tangu Bomet, akaanza na la mwisho.

— Kiptanui. Siku ile nilikuwa stoo.

— Najua.

— Nilikuwa nyuma ya mlango.

— Najua, Kepher. Viatu vyako vilikuwa vinaonekana chini.

Karani akainamisha kichwa, akavitazama viatu vyake kana kwamba ndivyo vilivyokosa.

— Mbona hukuniita?

Kiptanui akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, hata zamani, mpaka mitaa ilikuwa inaungua akifikiri.

— Niliona mtu anataka kujificha, nikamwachia. Nilikuwa na hasira, usidhani sikuwa nayo. Mwaka wa kwanza, hata ukipita hapa ningekuwekea mbwa. Mwaka wa pili nikavuna magunia sitini. Ngano inatoa hasira. Njoo ndani, Chepngeno amepika.

Chepngeno alipokea omena kwa mikono miwili, akalinusa lile gazeti, akasema kumbe Dorcus bado yuko. Akawaletea mursik, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu na ugali wa wimbi. Karani akatoa kijisanduku, akakiweka mezani, akaeleza jinsi alivyokinunua, na jinsi kompyuta ilivyomkataa.

— Na sasa ile ya kwanza imekwisha, akasema. Imechubuka yote. Nimeleta nyongeza ya kitu hakipo.

Kiptanui alikigeuza kijisanduku, akakisogeza mbali na macho ili asome, akakisogeza karibu. Alisoma maandishi yote ya nyuma polepole, kidole kikifuata mstari.

— Wameweka ziwa, akasema.

— Ndiyo.

— Na meli.

— Meli za aina nne.

Kiptanui akakilaza kijisanduku mezani. Nje, sidii ilirusha doa la mwanga likapita ukutani na kutoweka.

— Sasa hilo ziwa, akasema, sisi tungeliweka wapi? Usiniambie pale chini ya stesheni. Pale kuna ile mitaa ya watu wa kwanza.

— Si pale. Nyuma ya msitu.

— Msitu? Msitu ukiutia maji watu watapata kuni wapi?

— Kiptanui, wewe na kuni! Watu elfu kumi, bado wanapika na kuni?

— Elfu kumi na moja mia tatu. Nilipotoa sidii walikuwa elfu kumi na moja mia tatu. Niliangalia.

Akavuta sahani ya ugali kando, akachota punje za ngano kwenye ungo, akaanza kuzipanga juu ya meza. Hii stesheni. Hii soko, lile lililoungua. Kepher akamwaga tone la mursik upande wa mashariki, akasema ziwa ni hapa. Kiptanui akalifuta kwa kidole gumba, akasema hapana, hapo kuna shule. Wakabishana. Barabarani gari la mwisho la Bomet lilipiga honi mara mbili, likangoja kidogo, likaenda zake.