Mwalimu Igoki na Ndege Wawili wa Nyundo

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo, kuanzia Majengo hapa Meru hadi Runyenjes kule Embu. Mimi ni Kiende. Leo tunamkumbuka Mwalimu Nelius Igoki, aliyetuaga wiki iliyopita. Mwalimu Igoki alizaliwa Runyenjes, kazi ikamleta kwetu, katika shule iliyopakana na msitu wa Imenti. Hiyo ilikuwa miaka ya themanini.

Wengi wenu hamjui jambo hili: nilikuwa na kigugumizi. Nikiitwa kusoma, neno linakwama, darasa linaangua kicheko. Kinara wa kucheka alikuwa Mwirigi. Nikamwambia mama shule sirudi, heri nichume chai. Na nilimaanisha.

Mwalimu hakumchapa mtu. Enzi zile, jamani, hilo lilikuwa ajabu! Alitupeleka msituni, akatukalisha kimya. Huko kuna ndege wawili wadogo, hata kiganja hawakijazi. Ni mtu na binamu yake. Mmoja ana kiuno cha njano, mwingine ana masharubu meupe. Wote wawili hulia kama nyundo ya fundi bati. Lakini yule wa masharubu hugonga mbiombio, anafululiza. Wa kiuno cha njano hugonga mara chache, ananyamaza, kisha anaanza tena.

"Mwirigi," mwalimu akauliza, "huyu anayenyamaza katikati ni mgonjwa?"

Mwirigi akasema hapana, ndivyo anavyolia.

"Basi hata Kiende mngojeni amalize."

Kesho yake nilisoma ukurasa mzima. Ulichukua karibu kipindi chote, lakini waliningoja. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Mwirigi, na mpaka leo mimi na yeye ni chanda na pete.

Bintiye mwalimu, Karambu, ameniambia kwamba hata nyumbani chai ilikuwa ikipoa, mama yao akingoja mtu amalize la kwake. "Mama hakumkatiza mtu," alisema, "hata sisi tukimdanganya." Alikuwa akicheka, machozi yanamtoka.

Karambu na familia yote, poleni sana. Mungu awape nguvu. Nawe unayesikiliza, ni nani nyumbani kwako ambaye hujawahi kumngoja amalize? Mngoje leo.

Mimi nimeshukuru. Kazi hii ya kusema ninyi mkisikiliza, ni yeye aliyenipa. Asante, Mwa... Mwa...

Ningojeni kidogo.

Asante, Mwalimu.