Mkunga Aliyebadilisha Swali

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika kliniki yetu ya wajawazito, mkunga mkuu anastaafu tarehe 30 Juni. Sote tunamwita Bibi Mizani, kwa kuwa haamini kilo zilizopimwa na mtu mwingine.

Alianza na chumba kimoja, kitanda kimoja na pazia lisilofika chini. Watoto aliowapokea wamekua, na baadhi wamerudi kwake na mimba zao. Tuseme ukweli, alikuwa mkali. Hata daktari aliandikishwa upya kadi zisizosomeka.

Ubishi wake na daktari kuhusu pombe tuliusikia kila chai ya saa nne. Daktari alishikilia kwamba glasi moja ya mvinyo haimdhuru mjamzito. Mkunga alijibu kuwa hakuna aliyewahi kumwonyesha kiasi kilicho salama, na aliye tumboni hana mdomo wa kukataa.

Kisha fundi cherehani mmoja akakiri kwamba alikunywa bia kabla hajajua ana mimba. Mkunga akamgombeza mbele ya foleni nzima. Yule mama hakurudi. Ulipopita mwezi wa pili, mkunga alishindwa kuvumilia. Alimfuata kwenye chumba chake cha kushonea, akaketi juu ya robota la vitambaa.

“Mwanangu, mwenye kosa ni mimi,” alimwambia. “Ya nyuma hayafutiki, ila umeshaacha, na hapo ndipo tunapoanzia.”

Akampima presha palepale. Ilikuwa juu mno. Fundi alilazwa siku hiyohiyo, na binti aliyezaliwa sasa yuko darasa la tano, ana maneno kuliko redio.

Tangu hapo mkunga alifunga mlango kwanza, akaketi, ndipo akauliza. Hakusema tena, “Hunywi, sivyo?” Aliuliza, “Tangu upate mimba, umekunywa mara ngapi?” Akina mama wakafunguka. Ikabainika kuwa “glasi moja” ya wengine ilikuwa na ukubwa wa jagi. Daktari aliyasoma majibu yale, na siku hizi anawashauri waache kabisa. Mkunga naye anakiri kuwa ukali humfunga mtu mdomo.

Anasema atafuga sungura na kuamka saa tatu. Mumewe anasema ataamini akiona.

Dada yetu mkubwa, ahsante kwa kutufunza kazi, na kwa kutuonyesha kuwa mkubwa naye huomba radhi. Kazi tumeipokea. Siku zako za nyumbani ziwe nyingi, nyepesi na zenye vicheko.