Weris Liban, Aliyeshika Filamu kwa Amana

Tulitoka kwa Mwenyezi Mungu, na leo Weris Liban ametutangulia kurejea Kwake. Alizaliwa Takaba tarehe 3 Mei 1971, binti wa mfugaji wa ngamia. Alihitimu chuo cha Kurani kwanza, kisha akamaliza sekondari Garissa mwaka 1990.

Mwaka 1994 alifungua studio yake mjini Garissa. Kazi iliyomtukuza ni picha za shaash saar, siku ya saba ya harusi, wanawake wanapomfunga bibi harusi ushungi wa mke, naye yu kichwa wazi mbele yao. Kwa hiyo, ili picha zisienee, alichagua kamera ya filamu pana. Ilinasa kila uzi wa vazi, na filamu aliisafisha mwenyewe, akamkabidhi bibi harusi pamoja na picha. Hakubakiza hata moja. Waliomcheka kwa kamera hiyo ya zamani aliwajibu, "Kongwe hii haina mdomo, abaayo, dada yangu."

Mwaka 1996 aliolewa na Hanad, dereva wa lori la mifugo, aliyezoea kutania kwamba harusi za Garissa anazijua kwa harufu ya dawa za picha mikononi mwa mkewe.

Desemba 2022 ilikuwa zamu ya harusi ya Nasteha, binti wa kaka yake Mohamedamin. Mkewe kaka, Bishara, mama yake Nasteha, alitaka picha za dijitali.

"Wifi, jamaa wa ng'ambo wangoje filamu yako mpaka bibi harusi azae?"

"Za dijitali zikitoka, nani atazirudisha?"

"Kumbe hutuamini!"

Neno hilo lilimshinda. Alikodi kamera ya dijitali, akampa Bishara kadi yenye picha. Bishara alizituma picha hizo kwenye kundi la simu la ukoo, wanaume wamo. Kabla ya magharibi Nasteha alikwisha kuonekana kichwa wazi hadi mji wa mbali wa Lafey. Iliposemwa kwamba mpiga picha ndiye aliyezisambaza, Bishara alinyamaza, Mohamedamin akanyamaza naye. Harusi za watu zikamfungia Weris milango. Nasteha mwenyewe ameomba haya yasomwe kaburini, kwani ushahidi haufichwi.

Shinikizo la damu lilimwandama, kisha kiharusi. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025. Waliomwosha ni mabibi harusi aliowahi kuwapiga picha. Bishara alifika akilia kuliko wote. Nasteha akamzuia mamake mlangoni pa chumba cha kuoshea maiti.

"Hooyo, simu ibaki nje."

Ameacha mume, Hanad, na mabinti wawili, Ugbad na Filsan. Aliwasitiri waja wa Mungu. Mungu amsitiri, ampe kaburini utulivu tuliomnyima.